Nikea walipiga kura ya nini? Mzozo wa kale kuhusu umungu na utu wa Kristo

Simama nusu saa kwenye mhadhara wa dini, Dar es Salaam au Mombasa, na huenda ukalisikia dai hili: Yesu hakuwa Mungu mpaka mwaka 325, pale Kaizari Konstantino alipowakusanya maaskofu mjini Nikea, katika Uturuki ya leo, wakapiga kura, wengi wakashinda. Upande wa pili hujibu kwa sauti kubwa zaidi, ila mara nyingi nao hauelezi maaskofu wale walikaa kujadili nini. Mwaka 2025 Makanisa yaliadhimisha miaka 1700 ya mtaguso huo, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, na hotuba nyingi zilipita juu juu palepale penye ugumu.

Sina nia ya kumshawishi mtu aamini au asiamini. Nataka kueleza watu wale waligombania nini, maana ugomvi wenyewe uliendelea kwa zaidi ya miaka 350, ukawang'oa maaskofu kwenye viti vyao, ukamwaga damu, na matokeo yake yanaonekana leo Addis Ababa na hata Nairobi.

Kuna maneno mawili ambayo bila hayo hatufiki popote: asili na nafsi. Asili hujibu swali "ni nini?" Nafsi hujibu swali "ni nani?" Aliyebisha hodi ni nini? Ni mtu. Ni nani? Ni Juma. Basi kuhusu Kristo maswali yalikuwa hayo hayo. Ni nini huyu: Mungu, mtu, au vyote viwili? Na kama ni vyote viwili, je, ni nani mmoja au wawili? Nikea ilishughulika na sehemu ya swali la kwanza, ile ya umungu. Mitaguso iliyofuata ikahangaika na la pili, na hapo ndipo Wakristo walipopasuka kwelikweli.

Sasa turudi nyuma kidogo. Yapata mwaka 112, Pliny, gavana wa Kirumi wa Bithinia, jimbo lilelile ulimokuwa mji wa Nikea, alimwandikia Kaizari Trajan akiomba ushauri juu ya Wakristo. Alikuwa amewatesa wanawake wawili watumwa waliokuwa na huduma katika Kanisa ili apate habari. Alichoambiwa na Wakristo aliowahoji ni kwamba hukutana kabla ya mapambazuko siku maalumu na kumwimbia Kristo wimbo "kama kwa mungu". Pliny hakuwa na sababu ya kuwapamba. Na barua hiyo iliandikwa zaidi ya miaka 200 kabla ya mtaguso. Kumwabudu Kristo, basi, hakukuanzia Nikea. Kilichokuwa kigumu ni kueleza: ikiwa Mungu ni mmoja, na huyu anaabudiwa, tuseme nini?

Majibu mawili mepesi yalijitokeza mapema, na yote mawili yakakataliwa. La kwanza lilisema Kristo ni Mungu tu, na mwili ulioonekana ulikuwa kiini macho; hakula kweli, hakuumia kweli. Waraka wa kwanza wa Yohana unalipinga wazo la namna hiyo unaposisitiza kwamba Yesu Kristo "amekuja katika mwili", na Ignatius wa Antiokia, akisafirishwa kwenda kuuawa Roma mwanzoni mwa karne ya 2, aliandika kulipinga kwa ukali. La pili lilisema Yesu alikuwa mtu mwema ambaye Mungu alimfanya mwana wake. Theodotus, fundi ngozi kutoka Bizanti, alilifundisha Roma mwishoni mwa karne hiyo akafukuzwa katika ushirika.

Ndipo anapoingia Arius. Alikuwa kasisi wa Aleksandria, Misri, na mnamo mwaka 318 alianza kukwaruzana na askofu wake, Alexander. Hapa pana kosa linalorudiwa sana: watu hudhani Arius alifundisha kwamba Yesu ni mtu wa kawaida. Hapana. Arius alikubali kwamba Mwana alikuwako kabla ya ulimwengu, kwamba vitu vyote viliumbwa kwa yeye, na kwamba anastahili kuitwa Mungu. Alichokikataa ni kwamba Mwana hana mwanzo. Kwa maneno yaliyonukuliwa na wapinzani wake, "kulikuwa na wakati ambapo hakuwapo". Mwana ni kiumbe. Wa kwanza na wa juu kuliko vyote, lakini kiumbe.

Alikuwa na maandiko ya kuegemea. "Baba ni mkuu kuliko mimi" (Yohana 14:28). Siku ya mwisho ambayo hakuna aijuaye, "wala Mwana, ila Baba" (Marko 13:32). Inasemekana pia alitunga nyimbo za mabaharia na wasaga nafaka ili mafundisho yake yaenee mitaani na bandarini, mbinu ambayo wahubiri wa leo hawahitaji kufundishwa.

Alexander, na baadaye shemasi wake Athanasius, hawakumjibu kwa mistari peke yake. Hoja yao ilikuwa kavu: kiumbe hawezi kumwokoa kiumbe mwenzake. Kama Mwana ni kiumbe, basi naye anahitaji kuunganishwa na Mungu kama sisi. Na kama ni kiumbe na Kanisa linamwabudu, basi Kanisa limekuwa likiabudu kiumbe tangu siku ya kwanza. Arius hakuwa na pa kupita kwa urahisi hapo, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa akibatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.

Kwa hiyo Nikea haikuulizwa "Mungu au mtu?" Iliulizwa: "Ni Mungu kwa maana gani?" Jibu lake wanalo Wakatoliki wanaposali Nasadiki: "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba". Kila neno pale limewekwa kumfungia Arius mlango. Kuzaliwa, ndiyo, kuumbwa, hapana.

Kura yenyewe haikuwa ya kukabana koo. Eusebius wa Kaisaria, aliyekuwapo, aliandika kwamba maaskofu walizidi 250. Hesabu maarufu ya 318 ilikuja baadaye, nayo inafanana mno na idadi ya watumishi wa Abrahamu katika Mwanzo 14:14 kiasi cha kumfanya mtu akune kichwa. Waliokataa kabisa pamoja na Arius walikuwa maaskofu wawili, Secundus na Theonas, wote wa Libya. Na kwa wale wanaosema Nikea ndiyo iliyochagua vitabu vya Biblia: kanuni 20 za mtaguso huo zipo na zinasomeka. Zinazungumzia mambo kama makasisi wanaokopesha kwa riba, walioikana imani wakati wa mateso, na kutopiga magoti siku ya Jumapili. Orodha ya vitabu vya Biblia haimo.

Vipi kuhusu Konstantino? Ndiye aliyeuitisha mtaguso, na kwake amani ya dola ilikuwa na uzito kuliko hoja za makasisi. Lakini kama Nikea ulikuwa mradi wake wa kumfanya Yesu kuwa Mungu, aliusimamia vibaya sana. Miaka michache baadaye alimrudisha Arius kutoka uhamishoni, akampeleka Athanasius uhamishoni Trier, na alipokuwa anakufa mwaka 337 alibatizwa na Eusebius wa Nikomedia, mshirika wa Arius. Mwanawe Constantius alikwenda mbali zaidi: aliwabana maaskofu mpaka mwaka 359 wakakubali tamko lililoikwepa lugha ya Nikea. Jerome, mtafsiri wa Biblia kwa Kilatini, aliandika baadaye kwamba dunia nzima iliguna, ikashangaa kujikuta imekuwa ya Arius. Athanasius, aliyekuwa askofu wa Aleksandria tangu mwaka 328, alifukuzwa mara tano.

Mkono wa Constantius ulijaribu kufika hata kwetu upande huu wa Afrika. Athanasius alikuwa amemweka wakfu Frumentius kuwa askofu wa Aksum, katika Ethiopia ya leo. Mnamo mwaka 356 Constantius aliwaandikia watawala wa Aksum, Ezana na Sazana, akiwataka wamrudishe Frumentius Aleksandria akahojiwe na askofu mpya aliyewekwa na serikali. Barua hiyo tunayo kwa sababu Athanasius aliinakili katika utetezi wake. Frumentius hakurudishwa, na Waethiopia wanamheshimu hadi leo kwa jina la Abba Salama.

Msimamo wa Nikea ulishinda kabisa mwaka 381, kwenye mtaguso wa Konstantinopoli, mji wa makaizari. Gregory wa Nisa anausimulia mji huo wa siku zile kwa kejeli: ukitaka kubadilisha fedha, mwenye meza anakuhubiria kuhusu aliyezaliwa na asiyezaliwa; ukiuliza bei ya mkate, unaambiwa Baba ni mkuu kuliko Mwana; ukiuliza kama maji ya kuoga yapo tayari, mhudumu anakujibu kwamba Mwana alitoka pasipo kitu.

Kumbe ushindi huo ulizaa swali jingine. Kama Mwana ni Mungu kamili, alikuwaje mtu? Apollinarius wa Laodikia, mtetezi mkubwa wa Nikea, alipendekeza kwamba Kristo alikuwa na mwili wa binadamu, ila mahali pa akili ya binadamu palikaliwa na Neno wa Mungu. Gregory wa Nazianzo akamjibu kwa sentensi ambayo imebaki kuwa kipimo cha mjadala wote: kisichotwaliwa hakikuponywa. Kama Kristo hakutwaa akili ya binadamu, basi akili zetu, ambazo ndizo zinazotutia matatani, zimeachwa nje ya wokovu. Apollinarius akahukumiwa, lakini maandishi yake, kama tutakavyoona, hayakulala.

Mwaka 428 Nestorius, mmonaki kutoka Antiokia, alifanywa askofu mkuu wa Konstantinopoli. Huko alikuta watu wakimwita Maria "Mzazi wa Mungu", akaona lugha hiyo ni ya hatari. Mungu hana mwanzo. Atazaliwaje na binti wa Nazareti? Akashauri Maria aitwe "Mzazi wa Kristo". Swali lake ndilo lile Wakatoliki wanaloulizwa kila wanaposali "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu": Mungu ana mama?

Cyril, askofu wa Aleksandria, alimjibu kwa kulihamisha swali kutoka asili kwenda nafsi. Mama hazai asili, anazaa fulani. Maria hakuwa chanzo cha umungu, na hakuna aliyedai hivyo. Ila yule aliyemzaa ni nani? Ukisema ni Mwana wa Mungu, basi umekwisha kukubali jina hilo. Ukisema ni mtu mwingine ambaye Mwana wa Mungu alikaa ndani yake, basi una wana wawili. Kwa Cyril jina hilo lilikuwa linamhusu Kristo kuliko lilivyomhusu Maria.

Ili kuona kila upande ulikuwa unaogopa nini, chukua mfano ambao walimu wa kale wenyewe waliupenda: chuma katika moto wa mhunzi. Kikishaiva kinang'aa na kuunguza kama moto, lakini bado kinapigwa nyundo kama chuma, na nyundo ikitua ni chuma kinachopondeka, moto hauumii. Mhunzi ameshika kitu kimoja kwenye koleo. Aleksandria ilikazia umoja huo: usije ukasema hiki ni cha moto na hiki ni cha chuma kana kwamba ni vitu viwili vilivyolala pamoja. Antiokia, alikotoka Nestorius, ilikazia jingine: usije ukasahau kwamba chuma kimebaki chuma, kwa maana kikigeuka kuwa moto mtupu hakuna tena wa kupigwa nyundo. Mfano huu unaishia njiani, kwa kuwa chuma hupoa, na hakuna upande uliofundisha kwamba Kristo aliacha kuwa mtu.

Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431, uliomhukumu Nestorius, hauna sura nzuri. Cyril aliufungua tarehe 22 Juni bila kuwasubiri maaskofu wa Shamu (Siria) waliokuwa njiani na rafiki yao John wa Antiokia. Walipofika walifanya kikao chao, nao wakamhukumu Cyril. Kisha ikulu ya Konstantinopoli ikaanza kupokea zawadi kutoka Aleksandria: dhahabu, mazulia, viti vya pembe za ndovu. Orodha yake imesalia. Tuite tunavyoita siku hizi. Hata hivyo miaka miwili baadaye Cyril na John walisaini maelewano ya maana, na Cyril akakubali lugha ya asili mbili katika Kristo mmoja, jambo lililowaudhi baadhi ya watu wake.

Shida ni kwamba Cyril alikuwa ameshika pia tamko jingine: "asili moja ya Mungu Neno iliyofanyika mwili". Alilipenda kwa sababu aliamini ni la Athanasius. Halikuwa lake. Lilikuwa la yule Apollinarius aliyehukumiwa, ambaye wafuasi wake walikuwa wakisambaza maandishi yake kwa majina ya watakatifu. Cyril alilitumia kwa maana yake mwenyewe, akilielewa neno "asili" karibu na tulivyoieleza "nafsi": aliye hai mmoja, fulani mmoja. Antiokia na Roma walilisikia kwa maana ya "ni nini". Kwa masikio yao, asili moja ilimaanisha utu wa Kristo umemezwa.

Na kweli alipatikana mtu aliyezungumza hivyo, au karibu na hivyo. Eutyches, abati (mkuu wa monasteri) mzee wa Konstantinopoli, alisema Kristo alitoka katika asili mbili kabla ya kuungana, lakini baada ya kuungana asili ni moja, na akasitasita kukiri kwamba mwili wa Kristo ni wa namna moja na wetu. Alihukumiwa mwaka 448, akarudishwa mwaka 449 na mkutano wa Efeso uliosimamiwa na Dioscorus, mrithi wa Cyril, mkutano wa vurugu ambao Papa Leo aliuita wa wanyang'anyi. Mwaka 450 Kaizari Theodosius II akaanguka kutoka kwenye farasi akafa. Siasa ikageuka, na mwezi Oktoba 451 maaskofu wapatao 500 wakaketi Kalkedonia, ng'ambo ya Konstantinopoli.

Tamko la Kalkedonia ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Kristo ni mmoja, mkamilifu katika umungu na mkamilifu katika utu, nafsi moja katika asili mbili, "bila kuchanganyika, bila kubadilika, bila kugawanyika, bila kutengana". Maneno manne, na yote ni ya kukanusha. Mawili ya kwanza yanamkataza Eutyches, mawili ya mwisho yanamkataza Nestorius. Umoja huo unafanyikaje? Hawakusema. Wengine huona huo ni udhaifu. Mimi naona ndiyo sehemu ya busara kuliko zote, kwa sababu waliweka uzio wakaacha kiwanja wazi.

Lakini Misri haikuona uzio, iliona usaliti. Dioscorus aliueleza msimamo wake kikaoni: "kutoka asili mbili" anakubali, "asili mbili" hakubali. Waraka wa Papa Leo, uliosomwa pale, ulisema kuona njaa na kulala ni kwa kibinadamu, kulisha watu elfu tano kwa mikate mitano ni kwa kimungu. Kwa Mlatini hayo ni maelezo tu. Kwa Mmisri aliyelelewa na maneno ya Cyril, hao ni wahusika wawili: ni Nestorius aliyerudi kupitia mlango wa nyuma. Dioscorus akavuliwa cheo, na mwaka 457 Proterius, askofu aliyewekwa badala yake, akauawa na umati wa watu Aleksandria.

Hivyo ndivyo Wakopti (Wakristo wa Misri), Wasiria, Waarmenia na Waethiopia walivyojitenga na Roma na Konstantinopoli. Kwa karne nyingi wameitwa watu wa asili moja, kana kwamba wanafuata Eutyches. Wao wenyewe wanamlaani Eutyches. Wanachokiri ni umungu na utu vilivyoungana bila kuchanganyika wala kutengana, na Kanisa la Ethiopia linajiita Tewahedo, yaani lililounganishwa. Ukisikia mtu anasema Wakopti hawaamini Yesu alikuwa mtu kamili, amesikia nusu ya habari, tena kutoka kwa wapinzani wao.

Mgawanyiko huo umefika Nairobi kimyakimya. Wakopti wana hospitali yao inayojulikana sana, Barabara ya Ngong. Riruta ipo seminari ya Waorthodoksi walio chini ya Patriaki wa Kigiriki wa Aleksandria, waliokubali Kalkedonia. Wakuu wa pande zote mbili huitwa Papa na Patriaki wa Aleksandria, wote wanadai kukaa katika kiti cha Marko Mwinjili, na hata majina yao yanafanana: Theodoros II kwa Wagiriki, Tawadros II kwa Wakopti, jina lilelile katika lugha mbili. Mkenya akisema tu "mimi ni Mwothodoksi", hujajua bado anasimama wapi kuhusu mwaka 451.

Mjadala ulikuwa na mkia. Katika karne ya 7 makaizari walijaribu kuwarudisha Wamisri kwa kusema: sawa, asili mbili, lakini utashi mmoja, yaani uwezo mmoja wa kutaka na kuamua. Mmonaki Maximus alikataa, akikumbusha sala ya Yesu Gethsemane, usiku wa kuamkia kusulubiwa: "si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe". Kama Kristo hakuwa na utashi wa kibinadamu, nani alikuwa anatii pale? Mwaka 662 alikatwa ulimi na mkono wa kulia. Mtaguso wa mwaka 680 hadi 681 ukampa haki, lakini yeye alikwisha kufa.

Mnamo Mei 1973 Papa Paulo VI na Papa Shenouda III wa Wakopti walisaini tamko la pamoja kwamba Kristo ni Mungu kamili na mtu kamili, umungu na utu vikiwa vimeungana pasipo kuchanganyika wala kutengana. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo II alifanya hivyo na Mar Dinkha IV, patriaki wa Kanisa la Mashariki ambalo kwa muda mrefu liliitwa la Nestorius. Hata hivyo pande hizo hazijarudi kushiriki meza moja ya Ekaristi, na Machi 2024 sinodi (baraza la maaskofu) ya Wakopti ilisimamisha mazungumzo ya kiteolojia na Roma. Safari hii chanzo kilikuwa waraka wa Vatikani kuhusu kuwabariki watu walio katika mahusiano ya jinsia moja, wala si asili za Kristo.